Walimu mliotwishwa timu za mpira sekondari, njooni tuongelee malipo yasiyoingia kwenye salari slipu

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Nyuzi za mpira wa shule humu zinaishia sehemu mbili tu, mamluki (wachezaji wasio wanafunzi wa shule) na posho. Mamluki wamechezeshwa, posho imeliwa, watu wanatukanana kurasa tatu uzi unakufa. Leo naomba twende njia nyingine.

Mimi ni ticha wa Jiografia, shule ya kata, huku Bonde la Kilombero. Timu niliipata vile vile wengi wetu tunavyoipata, mwalimu wa michezo kahamishwa, kikaoni mkuu wa shule anauliza nani ataibeba, ghafla watu wazima wote wana kitu cha kuandika kwenye daftari, mimi mgeni nimekaa naangalia mbele, nikapewa. Mpira nilikuwa naujua wa kibanda umiza, Simba na Yanga, kucheza sijawahi kucheza timu yoyote ya kueleweka. Nikajua hii ni adhabu, yaani wenzangu jioni wana tuisheni na vibanda vyao vya miamala mimi niko uwanjani na filimbi napigwa na jua la saa kumi.

Leo mtu akiniambia niiachie hiyo timu tutagombana. Na sio sababu ya makombe, makombe hatuna, tulifika ngazi ya wilaya tukatolewa kwa matuta tukapanda Fuso tukarudi tunaimba utafikiri tumebeba taifa.

Sikilizeni sasa. Huku ni mpunga. Mpunga ukianza kubeba wazazi wanahamia shamba, wanalala kwenye madungu huko mbugani mpaka wavune. Watoto wa sekondari wanabaki kijijini wenyewe, na wale wanaotoka mbali wamepangishiwa mageto jirani na shule, chumba kimoja vijana watatu mpaka wanne, wanajipikia, wanajiamsha, wakiumwa wanajiuguza. Darasani hayo huyaoni. Darasani unaona jina kwenye rejista na kijana anayesinzia kipindi cha tatu, basi.

Nilikuwa na beki wa kati mmoja, mrefu, mpole, kona ikipigwa ukimuona karuka unageuka kabisa maana unajua hatari imeisha. Kwenye rejista huyo ni mtoro sugu. Wiki hii siku mbili, wiki ijayo haonekani, ofisi ya nidhamu wana faili lake. Sasa mimi nina mechi ya kata Jumamosi na beki hayupo, nikachukua bodaboda nikaenda kumtafuta mwenyewe. Getoni nikakuta wadogo zake wawili wa shule ya msingi wanachochea moto. Kaka yuko wapi? Kaka yuko shamba anaamia ndege.

Kwa wasiotoka kwenye mpunga, punje ikianza kuweka maziwa wanakuja kwelea kwelea, wanakuja kundi linafunika anga, na lazima mtu awe shambani tangu hakujapambazuka anapiga debe, anapiga kelele, anarusha udongo kwa teo mpaka giza liingie. Familia ikizembea siku chache tu chakula cha mwaka kimeenda. Kwaiyo huyo "mtoro" alikuwa anapokezana zamu na baba yake.

Nikaenda mpaka dunguni, bodaboda hadi njia ilipoisha, halafu kwa miguu kwenye matope. Na hapa ndo ilipo hoja yangu yote. Mwalimu akionekana anakatiza shamba la mtu, mzazi anajua kinachofuata ni wito wa mtendaji wa kata, mtoto mtoro, faini, maneno mengi. Anaweza akakukimbia kabisa kupitia upande wa pili wa jaruba. Mimi nilijitambulisha ni mwalimu wa mpira. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini! Nikatolewa kigoda, nikawekewa kambale wa kubanika, tukaongea mpira, alikuwa kipa enzi zake kumbe, na baada ya hapo yeye mwenyewe bila kuulizwa akaanza: hivi mwalimu huyu kijana shule anaiweza? Maana sisi huku hatujui chochote, tunatuma tu hela ya unga.

Tukapanga pale pale, siku zipi yuko darasani na siku zipi yuko shamba, mama akachukua zamu za katikati ya wiki. Wenzake kwenye timu waliposikia wakajipanga Jumapili wakaenda kumsaidia kuamia, kundi zima, mzee aliniambia mwaka ule ndege walikoma. Kijana kamaliza form four, hakufanya maajabu, alipata ya kumpeleka chuo cha ufundi VETA, anasomea umeme.

Naendelea chini, simu inasumbua.

#2 Mleta uzi

Tangu siku ile nikawa nawapitia wote mmoja mmoja kwa gia ya mpira. Nikajua nani analala na njaa. Nani anaishi na bibi asiyeona. Nani ana baba mlevi, huyo ukimuona anachelewa kuondoka mazoezini sio mapenzi ya mpira.

Kuna winga nilikuwa namgombeza sana. Ana mbio, ana chenga, ila mpira mrefu ukipigwa kutoka upande wa pili anausoma vibaya, unampita, au unamgonga begani. Siku moja jioni nikamwambia soma namba ya jezi ya yule pale. Akabaki anakodoa. Akaniuliza "yupi?" Wakuu, dogo alikuwa haoni mbali! Yuko form three, miaka yote anakaa nyuma ya darasa ananakili kwa jirani yake ubaoni haoni kitu, na walimu kumi na kidogo tunaingia na kutoka tunamuandika mvivu. Tulichangishana ofisini akapimwa macho, akapewa miwani. Mpira anacheza bila miwani bado anausoma vibaya hahaha, nimemhamishia beki mbili aone watu wa karibu. Ila darasani ni mtu mwingine.

Hiyo ingegunduliwa na nani kama sio mpira?

#3 Mzee wa Division

Story tamu ila tuambiane ukweli. Mimi ni mwalimu wa taaluma, kila mwaka naona vijana wa UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, wanavyoondoka. Wanaitwa kambi ya wilaya, wakichaguliwa kambi ya mkoa, mwezi wa sita wako kwenye fainali za taifa huko, wanarudi mock iko mlangoni na mtihani wa taifa wa NECTA ni Novemba. Matokeo yakitoka anayeitwa kwa afisa elimu kujieleza ni nani, kocha au mimi? Nyie mnapiga picha na kombe sisi tunabeba zero zenu.

#4 Mleta uzi

Mkuu sikupingi. Nina straika wangu alikuwa anafunga kila mechi na form four alipata zero, na alikuwa mtoto mwenye akili sio kwamba alikuwa mjinga. Hilo linaniuma na sitalificha kwa hadithi za miwani.

Ila angalia hesabu ya timu vizuri. Shule nzima nina vijana kama thelathini wanaokuja mazoezini. Wanaochukuliwa kambi ya mkoa kwa bahati ni mmoja, miaka mingine hakuna. Hao wengine wote hawakosi kipindi hata kimoja kwa ajili ya mpira, wanacheza saa kumi mpaka saa kumi na mbili wanaenda kuoga. Kelele zote za taaluma na michezo huwa tunazipiga kwa ajili ya yule mmoja, alafu tunafunga uwanja kwa wote. Mimi sheria yangu ni moja, rejista ya darasa naikagua Ijumaa, hujahudhuria huvai jezi, na nimeshawahi kuingia uwanjani na watu kumi na mbili tu kwa sababu hiyo, mmoja wao kipa wa akiba. Tulifungwa.

Mwalimu wa Hesabu, ambaye hapendi mpira hata kidogo, sasa hivi ndo anakuja kuniletea majina. "Huyu wako leo hakuleta zoezi." Mimi namkalisha benchi yeye anapata zoezi lake, tunaishi vizuri.

#5 Ticha Mstaafu

Vijana mnanikumbusha mbali. Sisi tulifundisha wakati UMISSETA ni jambo la taifa, na shule kama Makongo pale Dar chini ya Kanali Iddi Kipingu inatoa wachezaji hadi timu ya taifa. Jerry Tegete mnamjua nyote, alitokea pale. Hasheem Thabeet wa kikapu aliyefika NBA naye kapita Makongo. Watu wanakumbuka hao wakubwa.

Alafu miaka ya mwanzo ya 2000 michezo mashuleni ikasitishwa, ikaonekana inapoteza muda wa masomo. Mzee wa Division hoja yako sio ngeni, ilishawahi kuwa sera. Niliishi kile kipindi nikiwa kazini. Ufaulu kwa macho yangu haukupanda kwa sababu ya viwanja kuota nyasi. Kilichotokea ni kwamba saa tisa kengele ikilia shule inabaki tupu na sisi walimu tukawa hatuwajui watoto. Utoro ulibaki, bangi nayo ikaingia ikakaa. Michezo iliporudishwa viwanja vingine vilikuwa vimeshajengewa, na walimu waliokuwa wanajua kupanga ratiba ya ligi ya madarasa walikuwa wameshastaafu au wamekata tamaa.

Nakuunga mkono mleta uzi. Nina wanafunzi nimewafundisha Kemia miaka na miaka hawanikumbuki. Wale niliowafundisha mpira bado wananipigia simu wakioa, wakifiwa, hata wakigombana na wake zao wanataka nikasuluhishe, hiyo sasa ni kero lakini ndo hivo.

#6 Chuma cha Pua

Hela ya mipira mnatoa wapi??

#7 Mleta uzi

Hilo swali nilikuwa nalisubiri. Hela hamna. Kabla ya 2016 shule ya kutwa mzazi analipa ada elfu ishirini na michango juu, humo ilikuwa inatengwa ya michezo. Elimu bila ada ilivyoanza Januari 2016 tunaishi kwa ruzuku, kiwango ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na hiyo ina mafungu yake, vitabu, mitihani, ukarabati, michezo inapata makombo. Kuwaambia wazazi wachange kiholela ni kesi. Sasa mpira mmoja unaodumu muhula unakula ruzuku ya wanafunzi wangapi, piga mwenyewe.

Tunaungaunga. Jezi zetu alitoa mgombea udiwani mmoja, zina sura yake mgongoni, na hakupita. Timu pinzani huwa zinatuita kwa jina lake. Daruga wanapokezana, anayetoka sub anavua anampa anayeingia, kama mguu hautoshi anaweka soksi mbili. Koni ni chupa za maji zimejazwa mchanga. Milango ni mianzi.

Na hapa napo kuna kitu. Vijana hawa wa form two walianza wenyewe bustani ya mchicha nyuma ya choo, wakawa wanauzia walimu na mama ntilie wa pale getini, daftari la mauzo wanaliandika wao. Mwalimu wa Bukipa akasikia akaja kuwaonyesha kufunga hesabu. Mpira wa mwisho tuliocheza nao ni wa mchicha, na niwaambie hakuna mpira uliotunzwa duniani kama ule, ukitoka nje ya uwanja wanakimbia kumi kuufuata, na usiku unalala chumbani kwa kapteni.

#8 Jirani wa Magharibi

Sasa watu wa Bongo. Mimi ni mwalimu huku upande wa Kakamega, Kenya. Huku mpira ya shule ni kitu ingine, Green Commandos wa Kakamega High wakicheza hata mama mboga anafunga kibanda. Mwaka wa 2025 michezo ya FEASSA ya shule za Afrika Mashariki ilikuja hapa hapa kwetu, mji ulijaa mpaka vyumba vya kulala zikapotea.

Lakini mimi sifunzi hizo shule kubwa, niko kashule ka kutwa, mwalimu wa BOM, yaani nimeandikwa na bodi ya shule si serikali, mshahara ni ile ya kushukuru Mungu. Wacha niwaambie yenye nimeona. Huku shida ni fees. Kijana akiwa na balansi anatumwa nyumbani, anakaa wiki mbili, mwezi, wengine hawarudi, wanaanza boda. Lakini akiwa kwa timu na mechi iko karibu prinsipo anasema huyo abaki. Ni ukora kidogo, kwa sababu yule mwenye hajui kupiga mpira amefukuzwa na balansi ni ile ile. Nakubali. Lakini nimejifunza kuitumia. Nimeandika vijana kwa timu wenye hata kukimbia hawawezi, mmoja ni wa kubeba maji, mmoja ni wa kupiga picha na simu yangu, mmoja eti ni "daktari wa timu" na hana hata bandeji. Deputy aliniuliza hii timu ina watu wangapi. Nikamwambia mpira ya kisasa inataka benchi ndefu.

Watu wanapenda kusema wale mastaa wa mpira wa Kenya, Wanyama na Mariga, walisoma Kamukunji High, eti mwalimu unaweza toa Wanyama mwingine. Sijatoa Wanyama. Nimetoa huyo wa kupiga picha, ako na studio mtaani sasa, harusi zote za hapa ni yeye.

#9 Mzee wa Division

Hahahaha daktari wa timu bila bandeji. Huyu Mkenya nimempenda.

#10 Mama Kipa

Mmewasahau wasichana kama kawaida yenu.

Nafundisha timu ya wasichana, Kanda ya Kati. Nilianza na mabinti saba, wengine wazazi wamewakataza. Nitawaambia kilichobadilisha upepo. Oktoba 2022 Serengeti Girls wako Kombe la Dunia la U17 kule India, wamewafunga Ufaransa 2-1, wameenda robo fainali. Alafu Aprili 2023 Fountain Gate ya Dodoma, timu ya SHULE jamani, wanaenda Durban kwenye mashindano ya CAF ya shule za Afrika, fainali wanawapiga Wamorocco 3-0 wanabeba kombe na zawadi ya dola 300,000 kwa ajili ya shule. Redio zote zinaongea. Wiki ile baba mmoja aliyekuwa ananifukuza na fimbo alinitumia ujumbe, "mwalimu mazoezi ni saa ngapi." Nikajisemea kumbe dola inasikika mpaka huku.

Ila dola hazijaja na wala sio ninachotaka kusema. Kikwazo cha kwanza kwa mabinti hakikuwa mpira kabisa, kilikuwa taulo za kike. Kila mwezi wachezaji wawili watatu wanapotea, ukiuliza ni tumbo. Kwenye timu ndo ikawa sehemu ya kwanza kwao kulisema hilo kwa sauti mbele ya mtu mzima. Sasa tuna ndoo ya akiba kwenye stoo ya vifaa vya michezo, na hata wasio wachezaji wanakuja kuchukua, hakuna kuandika jina. Wa Kiislamu wanavaa suruali ya kubana ndani ya bukta na kilemba kinachokaa vizuri, mzazi akiona mtoto wake kajisitiri anatulia.

Na kuna huyu. Alipata mimba form three akaacha. Serikali iliporuhusu mwezi Novemba 2021 mabinti waliojifungua warudi shule, wengi hawakurudi kwa aibu, utakaaje dawati moja na watoto wanaokunong'ona. Yeye alirudi kupitia timu. Aliniambia mwalimu nikija mpirani kwanza, wakinizoea, nitaingia darasani. Alikuja mazoezini kama mwezi mzima bila kuvaa sare ya shule, mama yake amekaa pembeni ya uwanja na mjukuu mgongoni, mapumziko binti ananyonyesha, kipindi cha pili anarudi golini. Ndiye kipa wangu. Kwenye penalti huyo haogopi kitu, kuogopa kwake kulishaisha.

Mmoja wa wale waliokuwa wanamnong'ona sasa ndo anambebea mtoto tukiwa na mechi za mbali.

#11 Mleta uzi

Mama Kipa nimesoma mara mbili. Hiyo ya ndoo nakwenda kuifanya, sisi tuna stoo pia.

#12 Mbeba Boksi

Wadau nawasoma kutoka Maine, Marekani, baridi huku usiombe. Mimi Mtanzania, kazi usiku ghalani, jioni nasaidia kama kocha wa kujitolea high school moja ya hapa.

Mleta uzi hiyo yako ya mzazi kumkimbia mwalimu lakini kumpokea kocha, nikuhakikishie iko vile vile huku. Kuna mji unaitwa Lewiston, mji wa viwanda vya zamani vya nguo, kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuhamia kwa wingi, wengi watoto wao wamezaliwa au kukulia kambi za Dadaab na Kakuma, wakaja na Wakongo. Maneno yalikuwa mengi, wenyeji wengine hawakuwataka kabisa. Timu ya soka ya Lewiston High ikawa imejaa hao vijana, kocha ni Mmarekani mzee Mike McGraw, kafundisha pale zaidi ya miaka 30 bila kombe la jimbo. Mwaka 2015 wakalichukua, fainali 1-0 dhidi ya Scarborough, msimu mzima hawajafungwa mechi. Na wito wao kabla ya kuingia uwanjani unajua ulikuwa nini? PAMOJA NDUGU. Kiswahili, katikati ya theluji! Kwa sababu wale wa kambi za Kenya na wale wa Kongo walikuwa wanakutana hapo.

Siku hizi nawaona wazee wa Kikongo huku kwangu, barua ya shule ikija kwa Kiingereza wanaiweka juu ya friji wanaogopa, wanajua barua ya serikali ni matatizo. Mara nyingine ni mwaliko tu wa kikao cha wazazi. Ila mechini wanakuja wote, na blanketi, na chai kwenye chupa. Basi mapumziko mimi nakuwa dawati la huduma, huyu ananionyesha barua, huyu anauliza chanjo, huyu bima ya mtoto. Mkuu wa shule aligundua akaanza kuja na yeye uwanjani, amesimama pembeni yangu natafsiri. Kikao cha wazazi kilikuwa na watu wanne, pembeni ya uwanja tuna sitini.

Mimi nilienda pale kwa sababu nilikuwa mpweke, nataka watu wa kuongea nao Kiswahili. Sina la zaidi.

#13 Chuma cha Pua

Uzi umekuwa mzuri. Na waliokaa benchi miaka yote minne mnawakumbuka? Mimi nilikuwa huyo. Sikucheza mechi hata moja ya mashindano. Kocha akanipa filimbi nichezeshe mazoezi maana sina kazi, nikanogewa. Nimepita kozi, sasa nachezesha ligi ya mkoa. Natukanwa kila wikiendi na nalipwa kiduchu lakini uwanja mzima unanisikiliza mimi, wachezaji wote wa kipindi kile wako nyumbani wanaangalia tv.

#14 Mleta uzi

Hahaha Chuma cha Pua kumbe wewe ni mwamuzi ndo maana unauliza hela. Hapo umenigusa, mimi nina dogo wa hivyo hivyo, pumu inamsumbua hawezi kukimbia dakika tisini, anajua sheria zote kuliko mimi, offside anaiona kabla ya mpira kupigwa. Kozi ulianzia wapi?

#15 Chuma cha Pua

Ngazi ya wilaya. Nenda chama cha mpira cha wilaya waulize mtu wa waamuzi, FRAT, chama cha waamuzi, wana viongozi huko chini. Ila mkuu hiyo pumu mwambie ukweli mapema, waamuzi tunapimwa kukimbia na mtihani wa mbio hauna huruma. Akishindwa asikate tamaa, kuna makamishna wa mechi, kuna watunza kumbukumbu, watu wa kujua sheria na kuandika ripoti inayoeleweka hawapatikani. Ripoti nyingi za mechi zinaandikwa utafikiri ni meseji ya kuomba vocha.

#16 Ticha Mpya

Shikamooni wakubwa. Nimepangiwa kazi mwaka huu, juzi nimepewa timu, ya kwanza ya maisha yangu, sijui hata kupanga kikosi. Nianzie wapi? Kozi ya ukocha niende?

#17 Mleta uzi

Marahaba. Kozi nenda ukipata nafasi, shirikisho la mpira TFF huwa wanatoa za ngazi ya chini na mwenye cheti anaheshimiwa kwenye vikao vya kata. Lakini usisubiri kozi. Kikosi watakupangia wenyewe wiki ya kwanza, we waangalie tu wanavyochaguana, kapteni wa kweli utamuona, ni yule wanayemuangalia baada ya kufungwa goli na mara nyingi sio anayepiga kelele.

Chukua daftari. Andika kila mmoja anaishi wapi kweli, na nani, anatembea saa ngapi kuja shule, amekula nini kabla ya mazoezi. Andika na namba ya simu inayopatikana, sio ile ya kwenye fomu ya kujiunga, zile nusu hazipo hewani, tafuta ya jirani au ya mwenye duka. Ulizia nani anaumwa kifua, nani ana selimundu, nani huanguka kifafa, hilo fanya kabla hujawakimbiza hata raundi moja. Na mwalimu wa taaluma mpe nakala ya majina mapema kabla hajakutafuta, muulize Mzee wa Division hapo juu.

Mazoezi yakiisha usiondoke kwanza. Achana kwanza na mambo ya kupanda madaraja na mabao, we kaa pale kwenye jiwe vua viatu. Mambo yote niliyowaambia kwenye huu uzi yalianzia hapo, wakati wanafunga daruga.

#18 Mzee wa Division

Nakala nataka iwe na stream (mkondo wa darasa), sio majina matupu. Na ratiba ya mechi niione kabla ya mitihani ya katikati ya muhula.

#19 Ticha Mpya

Asanteni sana wakubwa. Jezi sina kabisa, na mechi ya kirafiki ni wiki ijayo.

#20 Mleta uzi

Uko wilaya gani? Kama ni huku bondeni tunazo seti mbili, ya pili haina sura ya mtu. Njoo inbox.